Chakula cha usiku baharini Unguja: kabla hujalipia, uliza nani anapiga muziki

Fidla_ya_Malindi (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wana jukwaa, na karibuni wageni wetu.

Likizo zikikaribia, jamaa zangu wa bara na watu niliowahi kufanya nao kazi hunipigia simu kwa swali lile lile: tunakuja Unguja na familia, tunataka usiku mmoja wa kula baharini huku kuna burudani, tuchukue upi? Washatumiwa matangazo chungu nzima. Usiku wa taarab, usiku wa Waswahili, usiku wa masultani, usiku wa mavazi meupe, usiku wa Bongo Fleva, hadi usiku wa maharamia. Na picha zote zimefanana: machweo, tanga, kamba wa kuchoma, mtu kasimama omo, mbele ya chombo, kanyoosha mikono. Nimeona niyaandike pahala pamoja, na wenye ujuzi kunizidi waongeze.

Msimamo wangu nauweka mapema. Anza na muziki. Chombo, bei na mapambo vije baadaye. Muulize anayekuuzia: nani anapiga, wako wangapi, wana ala gani, wanapanda chomboni au wanapiga ufukweni kabla ya safari, na wanapiga kwa muda gani? Mwenye wapigaji atakujibu papo hapo, tena kwa furaha. Asiye nao atakurudisha kwenye machweo na kamba.

Nasisitiza hili kwa sababu kuandika "Usiku wa Taarab" kwenye bango hakugharimu kitu. Kumleta mpiga kanuni na ala yake yenye nyuzi zaidi ya sabini, umlipe, umlishe, umrudishe kwake saa nne za usiku, hiyo ndiyo gharama. Kwa hiyo wengi huweka spika na simu ya kijana mmoja, mambo yakaisha. Mgeni hajui, anapiga makofi, anakwenda zake. Sisi tunajua na inatuuma. Huu ni mji wenye vikundi vya taarab vya Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, zikasikilizwa pwani nzima. Bi Kidude alitutoka Aprili 2013 akiwa ameshaimba nchi za mbali ambazo wengi wetu tunazisikia tu. Mji huu huu kumuuzia mgeni taarab ya spika ni kumdhulumu mgeni, na ni kuwadhulumu wapigaji waliopo hapa wanaotafuta kazi.

Sasa, taarab ipi inakaa chomboni? Kundi kamili, lenye fidla kadhaa, kanuni, udi, nai (filimbi), akodiani, besi, dumbaki (ngoma ya mkono), rika (tari ndogo) na waitikiaji, haliingii kwenye jahazi la kawaida. Likiingia, wageni watakaa wapi? Kundi la namna hiyo linataka chombo kikubwa cha sitaha mbili, au ukumbi wa nchi kavu. Ukiahidiwa kundi zima ndani ya mashua ya watu ishirini, rudia kuuliza. Jahazi linafaa wapigaji watatu mpaka watano: udi, fidla, dumbaki, na mwimbaji mwenye sauti ya kushinda upepo.

Au kidumbaki. Hiki kwa baharini nakipenda kuliko vyote na nasikitika wageni hawakiulizi. Kidumbaki hakitaki umeme hata chembe. Fidla moja, dumbaki mbili ndogo, sanduku lenye fimbo na kamba linalotoa besi, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti, basi. Ni muziki wa harusi za uani, umezoea kukaa pahala padogo na unajua kuwainua watu waliokuja wamenuna. Mwombe nahodha azime mashine tanga likishashika upepo, halafu fidla ianze. Chombo kinachokwenda kwa jenereta muda wote hakikupi nafasi hiyo hata kikileta wapigaji bora wa mji mzima.

Jambo jingine ni jina la usiku kuendana na njia ya chombo. Ukiuziwa "usiku wa masultani" au "usiku wa Bibi Salme," uliza chombo kinapita wapi. Salme, binti wa Sultan Seyyid Said, alizaliwa 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini ya mji, na magofu ya Mtoni na Maruhubi yako pwani kabisa. Chombo kikiondoka mjini, kikapita Malindi, kikaelekea huko taratibu na ndani yake kuna mtu anayeijua hadithi akaisimulia huku mnaangalia mahali penyewe, hapo jina limepata mwili. Lakini kama kinatia nanga mbele ya Forodhani na mhudumu kavishwa kilemba na jambia la plastiki, umelipia nguo.

Na hata safari fupi ya mbele ya mji si haba, msiniseme vibaya. Kabla ya maghrib jua linapiga uso wa mji wote kutoka baharini: Shangani, Ngome Kongwe, Forodhani, Beit el Ajaib ya Seyyid Barghash ya 1883 iliyoporomoka sehemu yake Desemba 2020, Kasri, na Dispensari ya zamani na roshani zake za kuchonga. Mtu aliyekaa Unguja miaka yote anaweza kuwa hajawahi kuuona mji wake kutoka upande huo. Wenyeji pia nawaambia: nendeni.

---

Mama_wa_Makole

Asante sana kaka kwa uzi huu, umekuja wakati mwafaka. Sisi tunatoka Dodoma, tunakuja Desemba shule zikifunga. Tuko mimi, mume wangu, watoto wawili (mmoja miaka tisa, mwingine sita), na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Tutalala Paje. Tumeletewa ofa tatu: usiku wa taarab unaoanzia Mji Mkongwe, usiku wa maharamia unaoanzia Nungwi, na jahazi la kukodi peke yetu ambapo tunaambiwa "mtachagua wenyewe mnachotaka." Watoto wanalilia maharamia. Mama anataka taarab, ameipenda tangu enzi za redio. Mume wangu anasema tukodi. Mimi nataka tu mama afurahi na watoto wasitapike. Naombeni ushauri jamani.

---

Nahodha_Mstaafu

Mwanangu Fidla, muziki wako mzuri lakini mimi nitakupinga. Chombo kwanza. Ala haziogelei.

Sote tunakumbuka Septemba 2011, MV Spice Islander I ikielekea Pemba imejazwa watu kupita kiasi. Tunakumbuka Julai 2012, MV Skagit karibu na Chumbe. Hakuna familia hapa visiwani isiyomjua mtu aliyeguswa. Zile zilikuwa meli za abiria na hizi ni safari za starehe za saa chache, lakini bahari ni ile ile. Kwa hiyo, dada wa Dodoma, kabla ya fidla na dumbaki, uliza chombo kina cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Usafiri Baharini na kinaruhusiwa watu wangapi. Kisha siku ya siku, hesabu. Kama kinaruhusiwa thelathini na unaona arubaini wanapanda, na wahudumu na wapigaji bado wako ufukweni, geuka. Wapigaji na wapishi nao ni watu, wamo kwenye hesabu.

Jaketi okozi uzione kwa macho, zisiwe zimefungiwa chini ya magodoro. Na za watoto ziwe za watoto. Ya mtu mzima inamvuka mtoto kichwani akiingia majini. Mwanao wa miaka sita avae tangu anapanda mpaka anashuka, hata akilia.

Sasa pepo. Desemba ni kaskazi inaingia, na Nungwi iko ncha ya kisiwa, kaskazi inaipiga usoni. Siku nyingine shwari kabisa, siku nyingine mawimbi yanakurukia sahani. Upande wa mjini nao unapata upepo lakini una vijisiwa vinavyosaidia kidogo, Changuu, Chapwani na Bawe. Mwezi wa sita na wa saba, kusi ikivuma, magharibi ya kisiwa inakingwa na nchi kavu na ndio wakati wa raha kwa safari za mjini. Wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana, bahari inalala, ila tanga nalo linalala, mtakwenda kwa mashine.

Jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji hapa kwetu hujaa alasiri. Mtapanda vizuri, mashua imesogea mpaka mchangani. Mnarudi saa tatu usiku maji yamekupwa, chombo kimesimama mbali na mama yako anatakiwa ashuke kwenye maji ya magotini atembee gizani. Kwa mtu mwenye magoti mabovu hilo ni zito kuliko safari yenyewe. Uliza: tunapanda kwenye gati au tunapandia ufukweni? Kama ni ufukweni, chagua siku za maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana.

---

Fidla_ya_Malindi

Mzee wangu, hapo sina la kupinga. Usalama si kitu cha kuchagua. Chombo kisicho salama hakimo kwenye mjadala wangu tangu mwanzo. Ninachosema ni kwamba ukishapata vyombo viwili vitatu vilivyo salama, kinachotenganisha usiku na usiku ni wapigaji.

Na hoja yako ya maji kupwa naomba kila msomaji aisome mara mbili.

Dada Makole, shikamoo yangu mfikishie mama. Nikujibu moja moja.

Paje iko mashariki. Jua la huko ni la asubuhi; jioni linazama nyuma yenu, juu ya minazi. Ndiyo maana safari za machweo ziko Mjini, Nungwi na Kendwa, na Michamvi Kae ambako pwani inageukia magharibi. Kwa hiyo popote mtakapokwenda kuna gari. Paje hadi mjini ni kama saa nzima. Paje hadi Nungwi mnavuka kisiwa kizima, na kurudi saa tatu au nne usiku na watoto wamelala mapajani. Kwa hilo peke yake mimi ningeiondoa Nungwi, hata kabla ya kusikia nahodha alivyosema kuhusu kaskazi.

Maharamia: nawaelewa watoto. Bendera nyeusi, upanga, kofia. Lakini uliza nani anawaigiza hao maharamia. Kama ni vijana wenye kipaji wanaoruka sarakasi na kuwashirikisha watoto, ni burudani ya kweli na sitaikataa. Kama ni bendera tu na muziki wa disko, watoto watachoka katika nusu saa. Na bahari hii ina mambo yake ya kumsisimua mtoto. Mtoto akiruhusiwa kushika kamba pamoja na mabaharia foromali, boriti inayobeba tanga, inapopandishwa, akaambiwa kwamba zamani huku kulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na kwamba majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yakarudi na kusi, huyo atakwenda shule Januari na la kusimulia. Waulize wenye jahazi kama nahodha wao ana moyo wa kuzungumza na watoto. Wapo wengi wenye moyo huo.

Kuhusu kukodi peke yenu: "mtachagua wenyewe" ni neno tamu, ila mara nyingi maana yake hakuna kilichoandaliwa. Ukikodi, wapigaji utawatafuta wewe. Inawezekana kabisa. Watu wa vikundi vya mjini wanapatikana, mwenyeji wako anaweza kukuunganisha, na mpiga udi na mwimbaji na dumbaki moja wanatosha kwa familia. Lakini mpatane kila kitu kabla: saa, usafiri wao, chakula chao.

---

Mpishi_wa_Vikokotoni

Mmesahau tumbo. Nimepika kwenye vyombo hivi, naomba niseme.

Chakula cha baharini ni cha aina mbili: kinachopikwa nchi kavu kikapakiwa kwenye mahotipoti, na kinachochomwa chomboni kwenye jiko la mkaa. Vyote vizuri vikifanywa na mtu anayejua. Pilau, biriani, pweza wa nazi, samaki wa kupaka, hivyo vipikwe nchi kavu kwa utulivu, vifike vya moto. Mishkaki, ngisi, kamba na nguru wa vipande vichomwe pale pale. Akikwambia biriani inapikwa chomboni kwa watu thelathini, huyo hajawahi kupika biriani.

Ukiona "usiku wa Waswahili" na kwenye orodha ya chakula kuna makaroni na chipsi tu, jiulize Waswahili gani hao. Tunataka tuone mkate wa ufuta, mkate wa kumimina, sambusa, katlesi, kachumbari, juisi ya ukwaju, kahawa ya tangawizi ya kumalizia, na halua. Gharama zake si kubwa, uvivu tu.

Dada wa Dodoma, kwa watoto: wasipande na njaa, wasipande wameshiba. Wape kitu kikavu saa kumi, mkate au biskuti, na tangawizi kidogo kama wanaikubali. Chakula kizito wale chombo kikishatia nanga au kikienda taratibu. Muwakalishe katikati ya chombo, mbali na mashine. Moshi wa mafuta kule tezi, nyuma ya chombo, unatapisha watu kuliko mawimbi. Juisi ya embe kwenye mawimbi, hapana. Nimeona mengi.

Na useme mapema kama kuna mtu asiyepatana na pweza au kamba, maana wengine hujikuna usiku kucha.

---

Kijana_wa_Wete

Halua imetajwa bila kutaja Wete? Haya, nimesamehe.

Lakini nina jambo. Usiku wa Waswahili unaniletea taarab tu na wakati mwingine Wamasai wanaoruka. Wamasai ni ndugu zetu na wana ngoma zao nzuri, ila ukimwambia mgeni huo ni usiku wa Kizanzibari unampoteza. Ziko wapi ngoma zetu? Msewe wa Pemba, njuga za ukindu zikilia miguuni, kibati na majibizano yake, hizo mgeni haonyeshwi. Huku kwetu utalii ni mdogo kuliko Unguja na vijana wanaoziweza wako nyumbani. Mwenye chombo anayejali angewaita.

---

Nahodha_Mstaafu

Msewe kwenye sitaha ya jahazi, mwanangu? Ule mkanyago wa wanaume kumi mbao zitalia.

---

Kijana_wa_Wete

Ndiyo, mzee, ndiyo maana nasema wachezee ufukweni kabla ya kupanda, jua bado liko juu, halafu chomboni ibaki fidla. Mgeni anapata vyote viwili na mbao zako zinapona.

---

Fidla_ya_Malindi

Hili nalichukua kwa mikono miwili. Mwenye biashara akisoma hapa alifanyie kazi. Ngoma ya ufukweni ina faida nyingine: wageni wanafika kwa nyakati tofauti, na badala ya kusimama juani wakisubiri, wanapokelewa na kitu.

---

Bi_Shangani

Wanangu, mmesema vizuri. Mimi nina mawili matatu ya adabu, na msiyachukulie madogo.

Safari hizi zinapita juu ya maghrib. Desemba jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, Juni ni mapema kidogo, Februari linakaribia saa kumi na mbili na dakika arubaini na tano. Muislamu anayepanda aulize kama kuna nafasi ya kusali na maji ya kutawadha. Vyombo vizuri vina mkeka na pembe ya utulivu, na muziki unasimama mpaka watu wamalize. Chombo kinachoshindwa hilo katika kisiwa hiki, mimi sitaki halua yake.

Pili, pombe. Vingine vinauza, vingine haviuzi, vingine mtu anakuja na yake. Hakuna ugomvi, kila mtu na lake, ila ujue kabla hujampeleka mama mzazi na watoto. Na lililonikera zaidi: nimeona pahala chupa ziko mezani na vijana wanaombwa waimbe kasida na waonyeshe maulidi ya homu "kwa sababu wageni wanapenda." Ile ni ibada. Mwenye chombo asiiuze, mgeni asiiombe, na mpigaji mwenye heshima yake akatae. Taarab, kidumbaki, beni, vipo kwa furaha. Vinatosha.

Tatu, nguo. Chomboni vaa upendavyo, lakini kufika chomboni unapita mitaani, kwenye nyumba za watu na misikiti. Kanga moja begani inamaliza mambo, na usiku upepo wa baharini una baridi, utaishukuru. Kama ni usiku wa mavazi ya Kizanzibari, mama zetu wa bara wanapendeza sana na kanga doti moja, hakuna haja ya kukodi mavazi ya maigizo.

Ramadhani msije kutafuta taarab. Muziki unanyamaza na watu wako kwenye futari na tarawehe. Kuna raha yake, ya namna nyingine.

---

Mgeni_Mara_ya_Kwanza

Samahani wakuu, nauliza bei. Mimi Mtanzania, nimepewa bei kwa dola. Ni sawa? Na nimeombwa kulipa yote kwa simu kabla sijafika, kwa mtu niliyempata kwenye mtandao.

---

Fidla_ya_Malindi

Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Dai bei yako kwa shilingi, bila kugombana. Na uliza kama wana bei ya mkaazi, wengi wanayo ila hawaisemi mpaka waulizwe.

Yote kabla ya kumuona mtu? Usilipe. Arubuni ya kiasi ni haki yao, maana ananunua samaki asubuhi kwa ajili yako. Iliyobaki lipa ukiwa umeona chombo. Na uandikiwe, hata kwa ujumbe wa simu: bei inajumuisha nini. Vinywaji? Gari ya kukuchukua? Wapigaji? Na mvua ikinyesha inakuwaje? Desemba mvua za vuli bado zinaweza kuanguka ghafla. Uliza kama chombo kina turubai, na kama safari ikivunjwa kwa hali ya hewa unarudishiwa pesa au unahamishiwa siku nyingine. Nahodha akiahirisha kwa sababu ya upepo, mshukuru.

Njia bora kuliko zote, kama uko mjini, ni kwenda mwenyewe jioni ya kabla. Simama Forodhani au Shangani saa kumi na moja, tazama vyombo vinavyoondoka. Utaona kipi kinajaza watu, kipi kina jaketi, na utaona mpiga fidla akipanda na boksi lake, au hutamuona. Na sauti inasafiri vizuri juu ya maji. Chombo kikipita mita mia mbili kutoka ukutani utasikia kama ni ngozi ya dumbaki au ni spika.

---

Mama_wa_Makole

Jamani asanteni, mmeniokoa. Tumekaa na mume wangu tumeamua hivi. Tunachukua usiku wa taarab wa Mjini. Nimewapigia, nimewauliza yale maswali. Wamesema ni wapigaji wanne: udi, fidla, dumbaki na mwimbaji mwanamke, na wanapanda chomboni. Kupanda ni kwenye gati, si ufukweni. Pombe haiuzwi. Jaketi za watoto zipo, wamenitumia picha, na nitaziangalia mwenyewe. Tutahama Paje usiku huo na kulala Mjini ili watoto wasibebwe barabarani usiku. Nimewaomba watoto washike kamba ya tanga, nahodha akacheka akasema waje.

Swali la mwisho. Mama anasema kwenye taarab watu huinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa. Je, chomboni inafanyika? Na tukifanya tutaonekana washamba?

---

Bi_Shangani

Washamba kwa lipi? Mwimbaji anayetunzwa anaimba mara mbili.

---

Nahodha_Mstaafu

Mmoja mmoja tu, na mkono mmoja ushike kitu. Chombo kikianza kubisha, yaani kugeuka kukabili upepo, kaeni chini mpaka kigeuke.

---

Fidla_ya_Malindi

Inafanyika, dada, na wapigaji watafurahi mno maana wageni wengi hawaijui desturi hiyo. Badilisheni noti ziwe ndogondogo kabla ya kupanda, za elfu moja na elfu mbili, kwa sababu chomboni hakuna chenji. Subirini mwimbaji afike kwenye ubeti unaowagusa, mama aende taratibu na mume wako amshike mkono, aiweke noti mkononi mwa mwimbaji au kwenye kisahani kama kipo, arudi akae. Akishindwa kuinuka kwa magoti, mtumeni mjukuu na noti ya bibi yake, mwimbaji atajua imetoka kwa nani na atamgeukia. Na mkumbukeni mpiga dumbaki. Huyo husahauliwa kila siku.

Wimbo anaoupenda mama uandikeni jina lake mkawape asubuhi ya siku hiyo, wapate wasaa wa kuupitia.